Mfuga Farasi Aliyeshika Usukani: Funzo Katika Kutafuta Riziki

(Mhadhara uliotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola aliyewaumbia waja Wake wanyama wa kupanda, wa kubeba mizigo na wa kujipamba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Mwisho. Amma baad.



Siku chache zilizopita alitujia mzee mmoja miongoni mwa waumini, uso wake umejaa huzuni. Mwanawe, ambaye sisi wenyewe tulimsomesha madrasa tangu alifu, alimaliza sekondari, akapewa mtaji na babake, akajenga banda na kufuga kuku wa mayai 200. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Chakula cha kuku kilipopanda bei, faida ikatoweka. Mzee akamshauri achukue pikipiki ya mjomba wake, awe anabeba abiria asubuhi na jioni, ili kuku wapate kula mpaka hali itengemae. Kijana akakataa. Akasema: “Baba, mimi ni mfugaji. Wenzangu wakiniona kijiweni nagombania abiria watanicheka.” Badala yake akaanza kusuka mikeka, yaani kubeti matokeo ya mpira kwa simu, akitaraji kwamba ushindi mmoja mkubwa utamaliza shida zote kwa siku moja. Mzee akatuuliza: “Maalim, huyu nimwambie nini?”

Hatukumjibu papo hapo. Lakini usiku ule tulimkumbuka mtu mmoja tuliyekutana naye wakati wa masomo yetu nchini Misri, na tukaona ni vyema tumzungumzie leo mbele ya wote, kwa kuwa tatizo hili si la nyumba moja. Mtu huyo alikuwa mfugaji wa farasi wa mbio, na alikuwa dereva.

SAFARI YA ZAGAZIG

Mwaka 2016 tulikuwa tungali wanafunzi jijini Cairo. Tulikuwa na ndugu yetu, naye ni mtu wa huku kwetu, aliyekuwa akisoma katika tawi la Chuo Kikuu cha Al-Azhar lililoko Zagazig, mji mkuu wa mkoa wa Sharqiya. Ni mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka Cairo. Tulipopata nafasi tulikuwa tukipanda basi dogo kwenda kumjulia hali. Mabasi hayo hayana tofauti kubwa na daladala zetu, isipokuwa mara nyingi hayana utingo. Abiria wa nyuma humpa nauli aliye mbele yake, naye humpa wa mbele yake, mpaka fedha zifike kwa dereva, na chenji hurudi nyuma kwa njia ile ile.

Siku moja tulikaa kiti cha mbele kando ya dereva. Alikuwa mtu wa makamo, ndevu zake zimeanza mvi. Mbele ya usukani alibandika picha ya farasi jike mwenye rangi ya kijivu. Mikono ya shati lake ilikuwa imenasa vipande vya majani makavu. Tulimsalimu kwa Kiarabu fasaha cha vitabuni, naye akacheka kwa upole, akasema: “Ya mawlana, unazungumza kama msomaji wa habari.” Kisha akatukaribisha kwa maneno mengi mazuri, kama ilivyo desturi ya watu wa Misri kwa wanafunzi wa Al-Azhar.

Tukamwuliza: “Ya usta, farasi huyu ni wa nani?” Usta ni jina la heshima ambalo Wamisri huwaitia madereva na mafundi. Akajibu: “Ni wangu, na kabla yangu mama yake alikuwa wa babangu, na bibi yake alikuwa wa babu yangu.” Tangu hapo hadi Zagazig hakuwa na mazungumzo mengine.

Ni vyema ikafahamika kwamba mkoa wa Sharqiya una historia ndefu ya farasi wa Kiarabu, hata bendera ya mkoa huo ina picha ya farasi mweupe. Wako huko watu wa kabila la Tahawi, Waarabu ambao kwa vizazi vingi wamefuga farasi walioletwa kutoka majangwa ya Sham, na farasi wao wakawa mashuhuri katika viwanja vya mbio vya Cairo na Iskandaria. Waarabu huhesabu nasaba ya farasi kwa upande wa mama. Atakuambia huyu ni Kuhaylan, yule ni Saqlawi, mwingine ni Ubayyan, nayo majina hayo hurithiwa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto miaka na miaka. Kwa hiyo mfugaji anapomuuza farasi jike wa mwisho wa ukoo fulani, nyumba yake imeagana na jina hilo.

Dereva wetu alikuwa na majike wawili na dume mmoja kijana wa miaka mitatu. Hao ndio waliokuwa mali yake yote. Basi aliloendesha halikuwa lake. Kila siku alimpelekea mwenye gari hesabu yake, akatia mafuta, na kilichobaki ndicho chake.

GHARAMA YA MNYAMA HUYU

Huenda mtu akasema: mwenye farasi wa mbio ana haja gani ya kuendesha basi? Kwa hakika wengi wetu, tukisikia farasi wa mbio, hufikiria masultani na matajiri. Hebu tutazame hesabu yenyewe.

Farasi jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 11 hivi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Mtoto hunyonya miezi kama sita. Baada ya hapo hulishwa, hufundishwa hatamu, kisha tandiko, kisha kubeba mtu. Farasi wa Kiarabu kwa kawaida haanzi mbio kabla ya kufikia miaka mitatu, na wengine husubiriwa hadi minne. Maana yake, tangu siku ya kupandisha jike hadi siku mtoto wake atakapokimbia kwa mara ya kwanza, mfugaji anahudumia kwa miaka minne au mitano bila ya kupata hata senti moja.

Na katika muda huo mnyama anakula. Farasi mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji takriban kilo 8 za chakula kwa siku: majani makavu, barsimu ambayo ni majani ya kulishia mifugo yanayolimwa sana Misri, shayiri na pumba za ngano. Anakunywa maji lita 30 na zaidi, hususan wakati wa joto. Kwato zake huchongwa kila baada ya wiki sita hadi nane. Anahitaji chanjo na dawa za minyoo. Tumbo lake ni dhaifu kuliko ukubwa wa mwili wake: farasi hawezi kutapika, na msokoto wa tumbo unaweza kumuua katika siku moja. Usiku akianza kugaagaa chini, mwenyewe halali.

Si masikini tu walioelemewa na gharama hiyo. Historia ya Misri inatueleza kuhusu Abbas Pasha wa Kwanza, aliyetawala kuanzia mwaka 1848 hadi 1854, ambaye alitumia mali nyingi mno kukusanya farasi bora kutoka Bara Arabu. Baada ya kufa kwake kundi lile lilitawanyika, na sehemu yake ikaingia mikononi mwa Ali Pasha Sharif. Huyu naye alisifika kwa farasi wake, lakini mwisho wa maisha yake madeni yalimzidi, na waliobaki wakauzwa kwa mnada mwaka 1897. Ikiwa mapasha walielemewa, dereva wa Zagazig ana ujanja gani?

Tulimwuliza swali hilo. Akasema: “Ya mawlana, watu wanadhani farasi wananilisha. Mimi ndiye ninayewalisha. Gari hili linalisha watoto wangu na farasi wangu. Siku farasi akileta kitu, tunamshukuru Allah. Asipoleta, hakuna aliyelala na njaa.”

Ndugu zetu, maneno haya tuyazingatie. Yeye hakuyajenga maisha ya nyumba yake juu ya jambo ambalo hakuwa na uhakika nalo. Alitafuta kwanza kazi ya kuilisha nyumba, hata kama kazi hiyo haikumpa jina, kisha akaifanya kazi aliyoipenda kwa subira.

MTIHANI WA NOVEMBA

Tulimzoea mtu huyu. Mwezi Desemba mwaka ule alitualika nyumbani kwake, kijijini nje ya mji. Lakini kati ya safari ile ya kwanza na siku ya mwaliko palitokea jambo lililoitikisa nchi nzima. Tarehe 3 Novemba 2016 serikali ya Misri iliiachia pauni ipande na kushuka kwa nguvu ya soko. Dola moja, ambayo hadi siku hiyo ilikuwa ikibadilishwa rasmi kwa pauni 8.8 hivi, mwezi mmoja na nusu baadaye ilikaribia pauni 19. Usiku ule ule bei ya mafuta nayo ilipandishwa: lita ya dizeli ikatoka pauni 1.80 hadi 2.35. Sisi wanafunzi tuliona athari zake katika bei ya sukari, mchele na mafuta ya kupikia. Yeye alipigwa pande mbili kwa wakati mmoja, kwani chakula cha farasi kilipanda na mafuta ya gari yakapanda.

Katika siku hizo, alitusimulia, alijiwa na dalali. Dalali alijua kwamba lile dume kijana liko tayari kwa mbio za msimu wa baridi. Akamwambia: “Mimi nitakupa shayiri na majani ya miezi mitatu. Wewe katika mbio ya kwanza mwambie mpandaji amzuie farasi, watu wamwone mzito. Mbio ya pili mwachieni akimbie, na sisi tutakuwa tumeshaweka fedha zetu.” Hakudaiwa kuiba wala kumpiga mtu. Alitakiwa tu kuushika mkono wa hatamu kwa dakika mbili.

Tukamwuliza: “Ya Hajji, ukamjibu nini?” Kwa kuwa tulishajua kwamba amehiji tulimwita hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Sikumjibu siku ile. Naogopa kukudanganya nikisema nilikataa papo hapo. Nilikuwa na mfuko mmoja wa shayiri, na mama watoto alikuwa ameuza bangili yake. Nilimwambia arudi kesho. Usiku nikaenda bandani, nikakaa na yule farasi. Nimemfundisha miaka mitatu jambo moja tu: nikimwachia hatamu, atoe alichonacho. Nikaona siwezi kumfundisha uongo wakati mimi mwenyewe naomba Allah aniruzuku kwa kweli.”

Dalali aliporudi alikuta farasi mmoja amepungua. Lile jike la kijivu, la kwenye picha, lilikuwa limeuzwa alfajiri kwa mfugaji mwingine wa mkoa huo huo. Fedha zake zikanunua chakula cha waliobaki. Naye akaongeza safari moja ya usiku, akawa anarudi nyumbani saa sita. Mkewe na mwanawe mkubwa wakachukua kazi ya kusafisha banda na kuchota maji.

Tulipofika kwake Desemba tulioneshwa mahali lilipokuwa likisimama lile jike. Palikuwa pamefagiliwa, hapana kitu. Hakusema neno juu yake, nasi hatukuuliza.

Huenda mnangoja kusikia kwamba yule dume alishinda, na dereva akawa tajiri. La, hakushinda. Alikimbia mara kadhaa msimu ule, mara moja akapata nafasi ya tatu, na zawadi yake haikutosha chakula cha mwezi mmoja. Mwaka uliofuata alimuuza kwa mtu aliyetaka farasi wa kupanda. Akabaki na jike mmoja, na usukani.

Nasi tunasema, kwa elimu yetu ndogo, kwamba mtu huyu alifaulu.

HADITHI YA MMOJA NA UKIMYA WA MAELFU

Ndugu zetu, dunia ina tabia ya kusimulia habari za aliyepata na kunyamazia habari za waliokosa. Na kamari inaishi kwa tabia hiyo hiyo.

Machi mwaka ule ule wa 2016, magazeti ya Kiarabu yaliandika sana juu ya farasi aitwaye California Chrome, aliyeshinda Kombe la Dunia la Dubai, mbio ambazo zawadi yake yote kwa jumla ilikuwa dola milioni 10. Farasi huyu alizaliwa Marekani mwaka 2011. Mama yake alinunuliwa kwa dola 8,000 tu, bei ambayo katika biashara ile ni kama bure. Mwaka 2014 akashinda mbio mashuhuri za Kentucky Derby. Hadi anastaafu alikuwa amekimbilia zawadi za zaidi ya dola milioni 14. Kila aliyesikia habari hiyo alisema: “Kumbe inawezekana!”

Lakini wachache walizingatia jambo jingine katika habari hiyo. Wafugaji wake wawili, Steve Coburn na Perry Martin, walikuwa watu wa kazi. Coburn alikuwa mwendesha mashine kiwandani, akiamka kabla ya jua kuchomoza kwenda kazini, na hata jina la farasi wake lilipoanza kuvuma aliendelea kwenda. Hawakuacha kazi wakimngojea farasi. Mshahara ndio uliomlisha farasi, sawasawa na usukani wa ndugu yetu wa Zagazig.

Sasa sikilizeni habari ya upande wa pili. Februari mwaka 2006, huko huko Marekani, dume mmoja wa miaka miwili aitwaye The Green Monkey aliuzwa mnadani kwa dola milioni 16, bei ambayo haijawahi kutolewa kabla ya hapo kwa farasi wa umri wake mnadani. Wataalamu walimpima, wakamtazama nasaba yake, wakamwona akikimbia. Alishindana mara tatu tu. Hakushinda hata mara moja. Ikiwa watu waliosomea farasi, wenye mali na madaktari wao, wanamtazama mnyama aliyesimama mbele yao na wanakosea kwa dola milioni 16, vipi kijana wa hapa kwetu anadhani kwamba kwa shilingi 1,000 na simu ya mkononi ataijua siri ya mechi kumi zitakazochezwa Ulaya Jumamosi? Huku ni kumlipa mtu mwingine kila siku ili akuruhusu kuota.

FARASI, MBIO NA KAMARI

Baadhi ya ndugu wanaweza kuuliza: je, kufuga farasi wa mbio si jambo la kamari tangu mwanzo? Swali hili linahitaji ufafanuzi.

Farasi ni mnyama mwenye hadhi katika dini yetu. Allah (S.W.) ameapa kwa farasi waendao mbio wakihema katika Suratul-Aadiyaat. Mtume (S.A.W.) aliendesha mashindano ya farasi mjini Madina: waliofanyiwa mazoezi walikimbia kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, masafa ya maili tano au sita, na wasiofanyiwa mazoezi walikimbia kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq, kama maili moja. Abdullah bin Umar (R.A.) alikuwa miongoni mwa walioshindana. Na imethibiti kwamba zawadi ya mashindano imeruhusiwa katika farasi, ngamia na kurusha mishale.

Wanavyuoni wamekubaliana kwamba zawadi inayotolewa na kiongozi, au na mtu asiyekuwa mshindani, ni halali kwa aliyetangulia. Washindani wenyewe wanapoweka mali, hapo wamelijadili jambo kwa urefu, na Ibnul-Qayyim ameandika juu yake kitabu kizima, Al-Furusiyya. Ama mtazamaji ambaye hana farasi, hakumlisha wala hakumpanda, akaweka fedha zake kwa kutaraji kuchukua za mwenzake, hiyo ni kamari, na hatujui mwanachuoni aliyeihalalisha. Farasi hana dhambi, na mfugaji anayepokea zawadi ya waandaaji wa mbio si sawa na aliyekaa pembeni na tiketi mkononi.

Aidha, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba farasi ni wa watu watatu. Kwa mmoja ni malipo, kwa mwingine ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Yule wa sitara ni mtu aliyemfuga ili ajitosheleze asiombe watu, wala asisahau haki ya Allah katika mnyama huyo. Yule wa mzigo ni aliyemfuga kwa fahari na kujionesha.

Tunapomfikiria dereva wa Zagazig tunamwona katika kundi la sitara. Na tunapoifikiria kauli ya kijana wetu, “wenzangu watanicheka”, tunaogopa kwamba ameyaweka mabanda yake katika kundi la fahari pasi na kujua. Kwani aliyempenda kuku wake kwa kweli angebeba abiria ili kuku wale. Aliyependa kuitwa mfugaji ndiye anayewaacha kuku na njaa huku akilinda jina.

NASAHA

Ndugu zetu katika imani, tunayafupisha mazungumzo haya kwa mambo matatu.

La kwanza: hakuna udhalili katika kazi ya halali. Abu Bakr (R.A.), alipopewa ukhalifa, kulipokucha alitoka na nguo zake begani kwenda kuuza sokoni, mpaka maswahaba walipomzuia na kumpangia posho. Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala. Nabii Daud (A.S.), naye mfalme, alikula kutokana na kazi ya mkono wake. Basi ni nani sisi hata tuone haya kwa usukani wa pikipiki?

La pili: mnyama uliyemfunga ni amana. Hakuomba kuja kwako. Mnajua nyote habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Kuku hajui bei ya pumba wala thamani ya dola. Yeye anajua chombo kina chakula au hakina. Ukishindwa kabisa, uza baadhi uwalishe waliobaki, kama alivyouza yule bwana jike wake wa kijivu. Kuuza si kushindwa. Kushindwa ni kuwatazama wanakonda huku unangoja mkeka.

La tatu: tusiwaachie vijana peke yao. Yule dereva alikuwa na mke aliyetoa bangili na mwana aliyeshika ndoo. Ni wepesi kwetu kumlaumu kijana anayebeti, lakini tujiulize: alipokosa mtaji, nani katika safu hizi alimkopesha pasi na riba? Alipoogopa kuchekwa, nani kati yetu aliyekuwa miongoni mwa waliocheka?

Mwaka 2024, pauni ya Misri iliposhuka tena kwa kishindo mwezi Machi, tulimwandikia yule ndugu yetu aliyesoma Zagazig, ambaye hadi sasa ana jamaa huko, tukamwomba atuulizie habari za dereva wetu. Jibu likaja kwamba yuko hai, anaendesha bado, na banda lake lina jike mmoja na mtoto wake. Mtoto huyo ni jike wa rangi ya kijivu.

Ama kijana wetu, hatutamtaja, wala asitafutwe. Tulikwenda kwake Jumamosi baada ya Alasiri. Katika kuku 200 tulikuta 60 na kitu. Tulikaa naye kwenye kibaraza cha banda, tukamsimulia haya tuliyowasimulia, naye aliinamisha kichwa na mwisho akauliza jambo moja tu: “Maalim, yule farasi wa picha, waliwahi kumwona tena?” Tukamwambia hatujui. Asubuhi ya pili mzee alitupigia simu kutuambia kwamba mwanawe ameuliza pikipiki ya mjomba iko wapi.

Pikipiki hiyo, ndugu zetu, imekaa miezi mingi na injini yake inahitaji fundi. Ikiwa katika safu hizi yupo fundi atakayeitazama kwa ajili ya Allah, au mwenye mfuko mmoja wa pumba wa kukopesha mpaka mwisho wa mwezi, aonane nasi mlangoni baada ya Isha.

Tunamuomba Allah (S.W.) aturuzuku riziki ya halali yenye baraka, atuepushe na kamari na kila njia inayofanana nayo, awaongoze vijana wetu, na atujaalie tuwe wenye kutunza amana tulizopewa, ndogo na kubwa. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.